Maisha ya Farrokh Bulsara wa Unguja na Santuri ya Mwaka 1975

Wako watu wawili wa Unguja ambao safari ya Bombay iliwafungulia mlango wa muziki. Wa kwanza ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, ambaye habari zake twazijua kwa sababu Shaaban Robert alimwandikia kitabu. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay, mji ambao siku hizi waitwa Mumbai, akaimba mbele ya mashine, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Wa pili alikuwa mtoto wa miaka minane alipopandishwa meli kwenda huko huko, wala hakwenda kuimba, alikwenda kusoma. Jina lake Farrokh Bulsara. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, na wengi waliomshangilia hawakujua kabisa kwamba alizaliwa katika visiwa vyetu.

Katika kurasa za gazeti hili tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita. Sisi wa mkoa wa Ruvuma tumesimuliwa Songea Mbano na Mputa Gama tangu tulipokuwa wadogo, na kusimuliwa huko ni haki yao. Mtu nitakayemwandika mimi hakushika mkuki wala bunduki. Alishika kipaza sauti. Lakini mwaka 1975 yeye na wenzake watatu walikuwa na madeni, wakatia kila walichokuwa nacho katika santuri moja, na habari ya santuri hiyo ndiyo hasa niliyotaka kuieleza.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946, katika hospitali ya Serikali mjini Unguja. Wakati ule Unguja ilikuwa chini ya Sultani, na Sultani mwenyewe chini ya ulinzi wa Waingereza. Baba yake, Bwana Bomi Bulsara, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, na mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu ambao wazee wao walitoka Uajemi wakahamia Gujarat katika Bara Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ili waishike dini yao ya Zoroaster bila kusumbuliwa. Jina la Bulsara latokana na mji wa Bulsar, ambao sasa ni Valsad, katika Gujarat hiyo hiyo. Basi ukoo huu ulikwisha kuhama mara mbili kabla mtoto hajazaliwa: kutoka Uajemi hadi Bara Hindi, na kutoka Bara Hindi hadi Unguja. Siti binti Saad alikuwa bado yu hai alipozaliwa Farrokh. Alifariki mwaka 1950, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne.

Wazazi wake walitaka apate elimu nzuri, kwa hiyo wakampeleka shule ya bweni ya St. Peter's, katika mji wa Panchgani. Panchgani uko juu mlimani, mbali na Bombay, na hewa yake ni ya baridi. Wanafunzi wenzangu wanaotoka Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, ambao hupanda huku Mbinga kutoka joto la ziwani, watajua bila kuelezwa jinsi mwezi wa Juni unavyomwuma mtu asiyezoea. Lakini wao hurudi kwao likizo inapofika. Farrokh alikuwa ng'ambo ya bahari, na likizo nyingi alikaa huko huko kwa jamaa zake, asiwaone baba na mama. Alikuwa na miaka minane alipokwenda, akarudi mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 16.

Huko shuleni walimwita Freddie. Walimwita pia kwa jina la utani kwa sababu ya meno yake, maana alikuwa na meno manne ya ziada kinywani, nayo yaliyasukuma meno ya mbele yakajitokeza. Hata alipokuwa tajiri hakukubali yang'olewe. Aliogopa kwamba sauti yake ingebadilika. Walimu waliona kwamba ana kipawa cha piano wakamfundisha. Yasemwa kwamba aliweza kusikia wimbo katika redio mara moja, kisha akaenda kwenye piano na kuupiga. Yeye na wavulana wengine wanne waliunda bendi yao ya shule, jina lake The Hectics, wakawa wanapiga nyimbo za vijana wa Marekani na Uingereza katika sherehe za shule. Yeye hakuwa mwimbaji mkuu wa bendi hiyo. Alikaa kwenye piano.

Aliporudi Unguja mambo yalikuwa yanabadilika upesi. Tarehe 10 Desemba, 1963, Unguja ilipata uhuru, na tarehe 12 Januari, 1964, yakaja Mapinduzi. Sultani alikimbia, damu ilimwagika, na familia nyingi za Kihindi na za Kiarabu ziliondoka. Familia ya Bulsara nayo ilifunga mizigo michache ikaenda Uingereza, ikakaa Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja mkubwa wa ndege wa London. Mwaka huo huo, tarehe 26 Aprili, Unguja na Tanganyika ziliungana, lakini jina la Tanzania lilikuja kutumika mwezi wa Oktoba. Farrokh alipoondoka, jina hilo lilikuwa halijatungwa bado.

Alikuwa na miaka 17. Umri huo ndio nilio nao mimi niandikapo haya, na wengi wa Kidato cha Nne wako hapo au karibu na hapo. Sisi tunahesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani. Yeye umri huo ulimkuta hana shule, hana nyumba aliyoizoea, na yumo katika nchi ambayo watu walimtazama wakamwona Mhindi, ijapokuwa alikuwa hajakaa Bara Hindi ila kama mwanafunzi wa bweni.

Katika Uingereza baba yake alipata kazi ya kuhesabu fedha, naye Farrokh alifanya vibarua wakati wa likizo, pamoja na kazi za uwanja wa ndege. Kwanza alisoma chuo cha ufundi cha Isleworth, kisha akaingia chuo cha sanaa cha Ealing, akapata stashahada ya uchoraji wa matangazo mwaka 1969. Baadaye aliuza nguo kuukuu katika kibanda sokoni Kensington, pamoja na rafiki yake mpiga ngoma, Roger Taylor. Aliimba katika bendi mbili tatu ambazo hazikufika mbali.

Roger Taylor na mpiga gitaa aitwaye Brian May walikuwa na bendi yao, Smile. Mwimbaji wao alipowaacha mwaka 1970, Farrokh akaingia mahali pake. Yeye ndiye aliyetoa shauri bendi iitwe Queen, yaani Malkia, na ndiye aliyeichorea nembo kwa mkono wake, akitumia alama za nyota za kuzaliwa za kila mmoja wao. Wakati huo akabadili pia jina lake la ukoo, akajiita Mercury, jina la mjumbe wa miungu katika hadithi za Warumi. Mwaka 1971 akaja wa nne, John Deacon, mpiga gitaa la besi.

Napenda walimu wetu wa sayansi wajue jambo hili. Brian May alikuwa akisoma elimu ya nyota, akaiacha kwa ajili ya gitaa, na baada ya miaka zaidi ya 30 akarudi chuoni akapata udaktari wake mwaka 2007. Taylor alianza na masomo ya udaktari wa meno. Deacon alisomea umeme wa mitambo, na alijua kutengeneza vipaza sauti kwa mikono yake. Nadhani bila elimu ya namna hiyo santuri ya 1975 isingepatikana, maana ilikuwa kazi ya mitambo kama ilivyokuwa kazi ya koo.

Santuri zao tatu za kwanza zilitoka mwaka 1973 na 1974. Ya tatu ilikuwa na wimbo uliofika nafasi ya pili katika Uingereza, na walipokwenda Japani mwanzoni mwa 1975 walilakiwa na umati wa vijana uwanjani. Ungedhani walikuwa matajiri. Kumbe mkataba walioutia sahihi walipokuwa hawajulikani ulitoa fedha zote kwanza kwa mameneja wao, nao wakalipwa mshahara wa pauni 60 kwa juma. Deacon alikuwa ameoa na alitaka fedha za kutanguliza ili apate nyumba, akanyimwa. Yasimuliwa kwamba Taylor aliombwa asizipige ngoma kwa nguvu, kwa kuwa vijiti vikivunjika hakuna fedha ya kununua vingine. Kila mkulima wa kahawa wa Umatengo aliyewahi kuuona mzigo wake ukienda na fedha isirudi ataielewa hali hiyo.

Mwezi wa Agosti, 1975, walifaulu kujitoa katika mkataba ule, lakini kwa bei kubwa: walikubali kulipa pauni 100,000 na sehemu ya mapato ya santuri sita zijazo. Fedha hiyo hawakuwa nayo. Kwa hiyo walipoingia studio mwezi ule ule, waliingia na deni mgongoni, na santuri moja ya kulilipa. Kama isingenunuliwa, sioni jinsi bendi ile ingeliendelea. Mtu mwenye deni hutazamiwa afanye kitu cha hadhari, aige kilichouzika jana. Wao walifanya kinyume. Walitumia studio zaidi ya moja, wakianzia Rockfield katika shamba moja la Wales na kuendelea London, wakakaa katika kazi hiyo hadi Novemba, na yasemwa kwamba gharama ilifika kama pauni 40,000, ikawa ghali kuliko santuri nyingine yoyote ya muziki wa roki iliyopata kutengenezwa hadi siku ile. Mtayarishaji wao alikuwa Bwana Roy Thomas Baker. Santuri wakaiita A Night at the Opera, yaani Usiku Mmoja katika Opera, jina walilolitwaa katika filamu ya vichekesho ya mwaka 1935.

Santuri ile ina nyimbo 12, na hakuna mbili zinazofanana. Kila mmoja wa wale wanne alitunga. Wimbo wa kwanza ni Farrokh akiwatolea hasira wale waliomdhulumu, na ni hasira kweli kweli. Uko wimbo wa Deacon kwa mkewe, mtulivu. Uko wa May juu ya watu waliosafiri kwenda nyota za mbali, wakarudi wakakuta wao wamezeeka mwaka mmoja tu lakini watu wao wa nyumbani wamekwisha kufa kwa uzee. Mwenye kusoma fizikia ataona hapo elimu ya Einstein. Uko wa Taylor juu ya kuipenda motokaa, nao mimi nauona ni mzaha tu, wala sioni hasara mtu akiuruka.

Lakini uko wimbo mmoja ambao msomaji wa mwambao wa Ziwa Nyasa atauelewa upesi kuliko Mwingereza. Jina lake Seaside Rendezvous, ni wimbo wa mapenzi ya ufukweni, na aliutunga Farrokh. Katikati yake husikika bendi nzima ya tarumbeta, klarineti na filimbi. Sasa hapakuwa na tarumbeta hata moja studioni. Ni Farrokh na Taylor walioziiga kwa vinywa vyao, sauti baada ya sauti, mpaka zikajaa bendi. Husikika pia mlio wa viatu vya wacheza dansi, na huo nao ni vidole vyao, wamevivika vikofia vya chuma vya fundi cherehani, wakigonga juu ya meza ya mitambo.

Basi hivyo ndivyo mganda ulivyozaliwa katika ziwa letu. Watu waliona bendi za askari wa kikoloni, hasa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wakapendezwa na mlio wa shaba. Tarumbeta za shaba zilikuwa ghali, tena za Serikali. Wakatwaa vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake, na kibuyu kikalia kama tarumbeta. Hata leo wachezaji wa mganda hujipanga mistari kama askari, wamevaa meupe, ngoma kubwa ikiwaongoza. Farrokh hakupata kuuona mganda wa Nyasa, wala sisemi kwamba aliuiga. Nasema tu kwamba babu zetu na yeye walifikia shauri moja: kinywa cha mtu kinaweza kuwa chombo chochote, ikiwa mwenye kinywa hicho ni hodari na haoni haya kujaribu.

Wimbo mwingine, wa May, wapita dakika nane. Katikati yake vyombo vyote vyanyamaza, na sauti ya Farrokh yabaki peke yake. Mafundi waliuchelewesha utepe ili sauti imrudie, naye akaimba juu ya marejeo yake mwenyewe, kisha juu ya marejeo ya marejeo. Aliyepata kusimama juu ya kilima cha Umatengo akaita ng'ambo ya bonde, akangoja mlima umjibu, ameusikia wimbo huo kwa kiasi fulani.

Sasa nije kwa wimbo wenyewe, Bohemian Rhapsody. Farrokh aliutunga peke yake, na sehemu zake alikuwa nazo kichwani kwa miaka kadhaa. Mwaka 2023 vitu vyake viliponadiwa London, zilionekana karatasi alizouandikia, karatasi za shirika moja la ndege, zimejaa maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya. Hata jina la wimbo lilikuwa jingine: aliandika kwanza Mongolian, akalikata. Karatasi hizo ziliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni moja. Mwalimu atuambiapo tusione haya kukata na kuandika tena, mfano huu wamtosha.

Wimbo huo una dakika 5 na sekunde 55, na hauna kiitikio. Waanza kwa sauti tupu, waingia katika wimbo wa huzuni wa piano, gitaa lapokea, kisha ghafula yaja opera, sauti nyingi zikibishana kama wazee wa baraza, halafu yaja roki yenye kishindo, na mwisho wote wafifia polepole. Sehemu ya opera ndiyo iliyowachosha. Umati ule wa waimbaji usikiao ni watu watatu tu: Farrokh sauti za kati, May za chini, Taylor za juu kabisa. Utepe wa studio ulikuwa na njia 24. Waliimba wakajaza njia kadhaa, mafundi wakazikusanya zote katika njia moja au mbili, wakapata nafasi ya kuimba tena juu yake, kisha tena na tena. Waliimba kutwa nzima, kwa muda wa majuma. Utepe ulipita mashinoni mara nyingi hata ukasagika, na walipouinua kwenye mwanga waliona mwanga ukipita. Kwaya yetu ya shule yenye watu 40 yaweza kutoa kishindo kikubwa. Watatu kujifanya 100 ni kazi ya namna nyingine.

Watu wamebishana sana juu ya maana ya maneno ya wimbo huo, na Farrokh alikataa kueleza mpaka akafa. Sitajaribu kumsemea. Ila katikati ya opera ile, pamoja na majina ya Kiitaliano, limo neno moja la Kiarabu, tena linarudiwa rudiwa, neno ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya kutia mkono katika sahani. Yeye alikuwa Mparsi, si Mwislamu. Walakini utoto wake wa kwanza aliukalia katika mji ambao neno hilo hutamkwa kila siku, sokoni na nyumbani. Alikuwa mtu asiyependa kusimulia habari za Unguja. Katika wimbo wake mkubwa kuliko zote, neno la Unguja likatoka lenyewe. Wako watakaosema nabahatisha, nao wana haki ya kusema hivyo.

Santuri hiyo ilitolewa na EMI, na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kampuni ya EMI ilizaliwa mwaka 1931 kwa kuungana kampuni mbili, na mojawapo ndiyo ile yenye nembo ya mbwa asikilizaye gramafoni, ambayo mwaka 1928 ilitia sauti ya Siti binti Saad katika santuri. Mwimbaji wa kwanza wa Unguja kujulikana nje na yule aliyejulikana kuliko wote walipitia mlango mmoja.

Wakubwa wa kampuni waliusikia wimbo wakasema ni mrefu mno. Redio za wakati ule zilizoea nyimbo za dakika tatu. Wakashauri ukatwe. Bendi ikakataa. Hapo ndipo ningependa msomaji alikumbuke lile deni: waliokataa hawakuwa watu wenye fedha. Nakala moja ikamfikia mtangazaji wa redio moja ya London, Kenny Everett, rafiki yake Farrokh, naye akaupiga wimbo mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Siku ya Jumatatu watu walikwenda madukani kuuliza wimbo ambao ulikuwa haujaanza kuuzwa. Ulitoka tarehe 31 Oktoba, 1975, na santuri nzima ikafuata tarehe 21 Novemba. Kwa ajili ya televisheni walipiga filamu fupi ya wimbo huo kwa muda wa saa chache tu, nayo yahesabiwa miongoni mwa filamu zilizofundisha ulimwengu kuuza nyimbo kwa picha. Wimbo ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa. Santuri nayo ikafika nafasi ya kwanza huko, na nafasi ya nne katika Marekani. Deni likalipwa.

Yaliyofuata yajulikana zaidi, nami nitayapita mbio. Walizunguka dunia. Mwaka 1981 waliimba São Paulo katika Brazili mbele ya watu zaidi ya laki moja kwa usiku mmoja, na watu wale wakauimba wenyewe wimbo wake wa mapenzi uliomo katika santuri ya 1975, ijapokuwa lugha yao ni Kireno. Tarehe 13 Julai, 1985, katika uwanja wa Wembley, yalifanyika maonyesho ya kuwachangia watu wa Ethiopia walioshikwa na njaa. Kila bendi ilipewa kama dakika 20. Wajuzi wengi hukubaliana kwamba siku ile hakuna aliyeushika uwanja kama Farrokh, na alianza kwa kukaa kwenye piano akapiga mwanzo wa Bohemian Rhapsody. Mwaka 1987 alitimiza tamaa yake ya zamani ya opera, akaimba pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkuu wa Hispania.

Mwaka huo huo wa 1987 aliambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Sisi tuliozaliwa baada ya dawa kupatikana hatuwezi kuujua vizuri wakati ule. Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kuunganishwa, zinazomwezesha mtu kuishi miaka mingi, zilikuja mwaka 1996, na katika nchi yetu zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kabla ya hapo watu walikufa, na nyumba zao zilisemwa kwa sauti ya chini, London kama Mbamba Bay. Farrokh alificha. Aliendelea kuimba studioni hata alipokuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Tarehe 23 Novemba, 1991, alitangaza kwa ulimwengu kwamba ana UKIMWI, na kesho yake, tarehe 24, akafariki nyumbani kwake London. Alikuwa na miaka 45. Makasisi wa Kizoroasta walimsomea sala za kale za wazee wake, akachomwa moto, na majivu yake akakabidhiwa Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake wakati wa umaskini na rafiki yake wa kuaminiwa mpaka mwisho. Hakuwaambia watu alikoyaweka.

Mwezi uliofuata Bohemian Rhapsody ulitolewa tena, ukapanda tena nafasi ya kwanza Uingereza, ukakaa huko majuma matano. Mapato yake yalipelekwa kwa chama cha kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Wenzake waliobaki walianzisha pia mfuko kwa jina lake, nao umetoa msaada katika nchi nyingi, Afrika ikiwamo.

Kwetu hapa watu hawapatani juu yake. Baada ya Mary Austin aliishi na wanaume, na kwa sababu hiyo, mwaka 2006, watu walipotaka kufanya sherehe Unguja kwa kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya moja ya Kiislamu ilipinga vikali. Wengine husema kwamba aliondoka akiwa kijana na kwamba sisi hatuna la kudai. Wengine humdai kwa ajili ya watalii. Mwaka 2019 nyumba moja ya Shangani, katika Mji Mkongwe, ilifunguliwa kuwa makumbusho yake. Mimi nakubali kwamba hakuimba kwa Kiswahili na kwamba ala zake si zetu. Lakini mtoto hukua kwa vyakula vya kwanza alivyolishwa, na aliyejifunza tangu miaka minane kuishi kati ya watu wasio wake, ndiye niwezaye kumfikiria akitia opera, roki, tarumbeta za mdomo na neno la Kiarabu katika santuri moja, asione kwamba kuna mpaka wowote alioruka.

Bwana Bomi, baba yake, alifariki mwaka 2003. Mama yake, Bibi Jer, aliyempandisha meli mwanawe wa miaka minane, aliishi karibu miaka 25 baada ya kumzika. Alifariki Uingereza mwezi wa Novemba, 2016, akiwa na miaka 94.